Mwaka Tuliofunga Hori

Mshamu alizikwa Alhamisi baada ya adhuhuri, nami nikafika Ijumaa. Simu ilinikuta hospitali pale Kibaha nikisubiri dawa zangu za presha, na mwili wa mtu wa umri wangu hauondoki kwa kuambiwa tu ondoka. Nilimkuta Somoe chumbani ameketi juu ya jamvi, ameanza kukaa eda, miguu ameinyoosha mbele kama alivyokuwa akiketi zamani akikuna nazi. Tulishikana mikono, tukalia kidogo. Kisha mjukuu wake Hadija, muuguzi, mtu mzima mwenye watoto wake, akaniletea chai na kuuliza jambo lililokuwa limemkaa tangu jana yake. Wanaume waliporudi makaburini walisimulia kwamba mzee mmoja alisema, "Leo tumemzika aliyefunga hori," na watu wote wakaitikia. Hadija alikuwa amekulia Dar es Salaam. Hakujua hori lilifungwaje, wala kwa nini babu yake aliitwa Mshamu Papa. Somoe akanielekezea kidevu. "Muulize huyo bibi yako wa Visiga. Alikuwepo. Mimi nikisema, mtaniambia namsifia mume wangu kwa kuwa amekufa." Nikamsimulia pale kwenye jamvi, lakini kwa haraka, maana wageni waliingia na kutoka. Hapa naandika yote.

Wakati ule Kisarawe ilikuwa wilaya pana, inaanzia vilima vya Pugu na kushuka hadi baharini. Mkuranga haikuwa bado wilaya ya peke yake. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, na ule ulikuwa mwaka uliofuata operesheni ya vijiji, watu bado wanazoea kuwa na majirani. Nilipangiwa Mikandaani, kijiji cha wavuvi mbele kidogo ya Kisiju. Asubuhi nifundishe watoto, alasiri nifundishe watu wazima kusoma na kuandika. Nilifika juu ya lori la chumvi, na sanduku langu la bati, na mwenyekiti wa kijiji akanipeleka moja kwa moja nyumba ya Mshamu na mkewe kwa sababu wao walikuwa na chumba. Kilikuwa cha upande wa uani, kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa sinia. Ukuta wa udongo haukufika kwenye makuti. Juu paliachwa nafasi hewa ipite, na kila kilichosemwa chumba cha pili kilipita pamoja na hiyo hewa. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Lakini mtu hawezi kuziba masikio mwaka mzima.

Kwetu Visiga, papa nilimjua akiwa mkavu. Alining'inia dukani kama gome la mti, mama anakata kipande, anakiloweka, tunakula. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya hapo alikuwa na macho. Uani kwa Somoe ndiko nilikokuta chanzo chake: chanja nne za miti zimejaa minofu iliyopasuliwa, nzi, mapipa ya maji ya chumvi, na harufu ambayo kwa wiki mbili ilinikaa puani hata nikiwa darasani, kisha siku moja nikagundua siisikii tena. Somoe alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mikono ya kazi na ulimi wa kazi. Papa wake aliuzwa Kisarawe yote hadi Mlandizi, na wenye magenge walikuwa wakiuliza, "Huyu ni wa Somoe au wa nani?" kabla ya kununua. Siku yangu ya kwanza alinipikia papa wa nazi kwa bada. Nilimega ugali ule wa muhogo, unavutika kama ulimbo, nikawa nahangaika nao. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, bada haitafunwi. Unaimeza kama habari mbaya, halafu unaendelea." Mumewe alicheka hadi akapaliwa. Mshamu alikuwa mtu wa kucheka namna hiyo, mwili mzima. Alikuwa fundi wa jarife, zile nyavu za matundu makubwa za kunasa papa, na ndiye aliyeongoza kikundi cha uvuvi cha kijiji. Aliimba vibaya, alifahamu kuwa anaimba vibaya, na aliimba hata hivyo kila alfajiri akienda pwani. Mimi nilimwita shemeji kwa kuwa Somoe alikuwa amekwisha kuwa dada yangu. Yeye naye aliniita shemeji mbele ya watu, na mwalimu alipotaka nimsomee jambo.

Kijiji kilikuwa kimepewa nyavu mpya za nailoni miaka michache kabla sijafika. Zamani jarife lilisokotwa kwa mkono, lilioza upesi, na papa wengi walilikata wakaenda zao. Nailoni haikuoza wala haikukatika. Wakaitandika kwenye mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani kati ya mikoko, mahali ambapo papa walikuja wenyewe kila msimu wa joto. Watu waliniambia habari za mwaka wa kwanza wa nyavu zile kama wanavyosimulia harusi: papa wamelazwa mchangani toka kwenye mashua hadi kwenye minazi, wanawake wanakosa chumvi ya kutosha, mnunuzi wa mapezi anakuja na gari lake kutoka mjini. Mwaka wa pili vilevile. Kufikia mwaka wangu, kwa kweli, wale papa wa kulazwa hadi minazini walikuwa wamebaki kwenye maneno. Lakini hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Mtu akilisema ilikuwa kama anaomba balaa.

Nililisikia kwanza darasani, na halikusemwa kuhusu papa. Darasa langu la alasiri lilikuwa la wanawake watupu, wengi na watoto mgongoni, na kazi yao kubwa ilikuwa kuokota chaza na kombe kwenye tope la hori maji yakipwa. Hicho ndicho kilikuwa kitoweo cha nyumba ambazo hazikuwa na mwanamume mashuani, na hicho ndicho kilichowapatia senti za sabuni. Mmoja wao, Mwanahawa, mjane kijana aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake bila kunitazama usoni, alisema tope limejaa mashimo. "Mashimo kama beseni, mwalimu. Kila bamvua, maji yakipwa sana, unakuta mengine. Na chaza hakuna, maganda tu yamesagwa." Wenzake wakaitikia. Wengine walisema ni taa, yule samaki mpana kama ungo mwenye mkia wa mjeledi na mwiba. Wameongezeka, wanaingia horini makundi kwa makundi, wanafukua tope wanakula chaza. Bi mmoja akasema si taa, ni kwa sababu watu wamehamishwa makaburi ya wazee wao yakabaki peke yake. Wakabishana mpaka muda wa somo ukaisha. Wiki iliyofuata kiti cha Mwanahawa kilikuwa kitupu. Alikuwa amemkanyaga taa.

Nilikwenda kumwona na Somoe. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu ndani ya sufuria la maji ya moto, jasho linamtiririka, anauma upindo wa kanga ili asipige kelele mbele ya watoto. Mwiba ulikuwa umepita karibu na kifundo. Somoe alimshikilia mabega, akambadilishia maji kila yalipopoa, akamsema sana kwa kutotazama anakokanyaga, na kila neno la kumsema lilikuwa la huruma. Kisha tukarudi nyumbani. Mshamu alikuwa barazani anashona wavu. Alisikia habari, akaacha sindano. "Zamani taa walikuwa waoga wa kuingia humu," alisema. "Siku hizi wanaingia kama wageni wa shughuli." Somoe akamwambia asogeze miguu, anapita na maji.

Kisha ikaja asubuhi ile. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule, nami nilikuwa pwani na Somoe kumsaidia kubeba. Mashua ilileta papa mmoja mkubwa, jike wa kichwa cha nyundo, amejaa, na wengine wadogo kidogo. Walimvuta mchangani wanaume sita. Mshamu mwenyewe akampasua tumbo, kazi aliyoifanya maisha yake yote, na watoto wakamwagika. Si mayai, watoto kamili, kila mmoja urefu wa mkono kutoka kiwikoni, vichwa vyao vya nyundo vimekunjwa nyuma kama masikio ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi. Walikuwa hai. Walijirusharusha juu ya mchanga, wakajaa mchanga mwili mzima. Hilo halikuwa jambo geni kwa watu wa pale. Watoto wa papa ni watamu, wanawake walikwisha kuweka ungo tayari. Lakini Mshamu alisimama na kisu mkononi akiwatazama, uso wake ukawa sijui niseme vipi. Ukawa wa mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali asipotegemea. Akavua shati, akawazoa wale watoto ndani ya shati, akaingia nao majini hadi kifuani. Wengine waliogelea. Wengine walizama vilevile walivyo. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka. "Mshamu amekuwa mkunga!" mmoja alipiga kelele, na wakacheka zaidi. Hapo ndipo jina la Mshamu Papa lilipozaliwa, Hadija, na halikuzaliwa kwa heshima. Akatoka majini, akapasua na wale wengine. Kila jike alikuwa na mimba.

Siku hiyo hakula. Jioni, kabla taa ya chemli haijawashwa, niliwasikia juu ya ukuta.

"Sitatandika tena kwenye mlango wa hori," alisema Mshamu. "Miezi hii ya joto. Wanakuja kuzaa, Somoe. Miaka yote hii tunavua tumbo."

"Na mimi nianike nini? Mchanga?"

"Tutavua nje."

"Nje kule na hiyo mashua inayovuja? Mshamu, nyumba hii ina mabati upande mmoja kwa sababu ya papa. Watoto wako Kibiti shuleni kwa sababu ya papa. Wewe ulinioa una suruali moja."

"Nilikuwa na mbili."

"Moja ilikuwa ya kaka yako." Nilidhani watacheka, walikuwa na kawaida ya kuishia hapo. Lakini Somoe alisema kwa sauti ya chini, "Watakuita mhujumu. Unajua neno hilo linampeleka mtu wapi."

Nikiwa kitandani kwangu niliona wote wawili wana haki, na nikaogopa. Leo, na miaka niliyo nayo, bado nawaona wote wawili wana haki. Vijana huniuliza nani alikuwa sahihi katika mambo ya zamani, wanataka jibu moja. Somoe hakuwa na uroho. Alikuwa na hesabu ya nyumba kichwani, na mbele yake kulikuwa na mume ambaye hoja yake yote ilikuwa kwamba ameona kitu na moyo wake umekataa.

Neno hilo la mhujumu lilimfikia kweli. Mshamu aliwaambia wenzake hadharani kwamba yeye hatashika jarife pale mlangoni mpaka joto lipite, na mwenyekiti wetu, Ndugu Kibwana, mtu mpole aliyeogopa wakubwa wa wilaya kuliko alivyoogopa bahari, akamwita ofisini. Kijiji kilikuwa na lengo la uzalishaji, akasema. Kugoma ni kuhujumu. Wakampa mashua mtu mwingine. Waliokuwa wakimfuata kwa utani barazani wakaanza kupita njia ya nyuma. Alfajiri hakukuwa na mtu wa kuimba vibaya. Alishinda nyumbani anasuka madema ya kutegea samaki wadogo, vidole vyake havikuzoea ukili mwembamba, madema yakatoka yamepinda. Na Somoe, baada ya kuvumilia wiki kadhaa, akafunga mizigo kwenda kwa dada yake upande wa pili wa kijiji. Akanijia chumbani. "Kunja godoro, mwalimu. Siwezi kukuacha hapa na mume wangu. Yeye si mbaya, wewe si mbaya, ila watu wana midomo." Basi tukapita katikati ya kijiji mchana kweupe, yeye mbele na pipa la chumvi kichwani, mimi nyuma na kitanda cha kamba, kijiji kizima kikitutazama.

Kwa dada yake tulilala wanne chumba kimoja. Somoe alikuwa na hasira, lakini alikuwa pia na mazoea, na kila magharibi alipika chungu kikubwa mno. Kisha anajaza bakuli, analifunika kwa kawa, ananipa. "Mpelekee yule. Mwambie si mimi niliyepika." Nilimpelekea. Mshamu alifunua, akanusa mchuzi wa ukwaju, akafunika tena kwanza kwa heshima. "Mwambie aliyepika kwamba pilipili imezidi," akasema, "kwa hiyo sijui kabisa ni nani." Nilipoufikisha ujumbe ule Somoe aligeuka upande wa moto, mabega yakamtikisika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sijaolewa, na niliyojifunza kuhusu ndoa niliyajifunza kwenye ile njia ya mchanga kati ya nyumba mbili, bakuli mikononi.

Mashua iliendelea kutandika mlangoni bila Mshamu. Kwanza walileta papa wachache, kisha wadogo, kisha siku nzima jarife linatoka limenasa taa na majani. Taa nao wanalika, kwa hiyo Somoe akaanza kuwapasua taa. Ndipo alipoona. Ilikuwa uani kwa dada yake, mchana, mimi nimeketi kwenye kinu nasahihisha madaftari. Akaniita nije nitazame. Tumbo la taa lilikuwa limejaa maganda ya chaza yaliyosagwa laini kama ya kulishia kuku. Akapasua wa pili: chaza. Wa tatu vilevile. Akakaa juu ya visigino, kisu kinachuruzika, na macho yake yakaenda mbali. "Mwalimu," akasema, "tangu niko msichana nikisafisha kichwa cha papa nakuta miiba kinywani. Miiba ya taa, imemchoma kwenye ufizi, mingine ya zamani imeshapona humo humo. Naing'oa kwa koleo nisije nikajichoma, naitupa. Miaka yote nimeitupa." Aliosha mikono, akaenda kwa Mwanahawa, ambaye alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo, na maji yalipokupwa akaenda naye horini. Somoe hakuwahi kuokota chaza. Ile ilikuwa kazi ya wasio na mashua. Alirudi na tope hadi mapajani na kapu lenye chaza wa kujaza kiganja kimoja. Akaliweka katikati ya uwanja, kila mtu akaliona.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye darasa langu, watu wameketi madirishani. Bwana Samaki, ofisa uvuvi wa wilaya, alikuja, kijana mwenye koti la kaki na adabu. Ndugu Kibwana alikuwa amemwita aje kueleza kwa nini uvuvi umeshuka, akitumaini jibu litakuwa jina la Mshamu. Mshamu mwenyewe alikaa nyuma kabisa. Aliombwa kusema, akasimama, akasema tu, "Nimekwisha kusema," akaketi, na watu wakaguna. Kisha Somoe akanyanyuka na beseni mkononi. Nilimwona Mshamu akiinua kichwa. Alidhani, nami kwa kweli nilidhani, amekuja kumshitaki.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Somoe, "mimi ni muuza papa. Hapa hakuna anayempenda papa kuliko mimi, isipokuwa papa mwenyewe." Wakacheka, na kicheko kikamfungulia njia. Akatoa ganda lililosagwa ndani ya beseni, akaeleza limetoka wapi. Akashika miiba, safari hii hakuwa ameitupa, akaeleza ameitoa wapi. "Papa anamla taa. Taa anamla chaza. Sisi tumemmaliza papa, sasa taa anakula kwenye sahani zetu. Nyinyi wanaume mnasema kitoweo cha chaza ni cha maskini. Haya, mwaka huu nani hakula chaza hapa? Na mwakani mtakula nini? Hata kuku anayelalia hachinjwi, na huyo ni kuku tu."

"Unataka tuache papa?" aliuliza aliyepewa mashua.

"Niache papa nile wapi? Vueni papa nje, wakati wake. Mlango wa hori uacheni miezi ya joto, mama azae, watoto wakue humo mikokoni. Wakitoka, ni wenu."

Ndugu Kibwana akamgeukia Bwana Samaki, kama mtu anayeomba kuokolewa. Yule kijana alifikiri, akasema ukweli: alitumwa kuongeza uvuvi, hakufundishwa habari za kufunga mahali, lakini hakuona kosa katika aliyoyasikia, na angependa kujua mwakani itakuwaje. Zikapigwa kura za mikono. Wanawake wa darasa la alasiri waliinua mikono yote kwa pamoja, Mwanahawa akainua na fimbo yake. Wavuvi waligawanyika. Ikapita, si kwa wingi wa kujivunia. "Na wilaya nitaiambia nini?" alilalama Ndugu Kibwana. Sauti ikatoka dirishani: "Sema nyavu zinatengenezwa." Bwana Samaki akawa anatazama minazi.

Jioni ile nilibeba kitanda changu kurudi. Mshamu alikuwa amepika mwenyewe, wali umeungua chini na mbichi juu. Somoe alionja, akaweka kijiko chini, akavuta mafiga karibu, akaanza upya, na Mshamu akakuna nazi. Hawakuombana radhi, au kama waliombana, basi ndiyo mara pekee ambayo ukuta ule ulitunza siri.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Msimu ule ulikuwa mgumu. Uani palikuwa na chanja tupu, Somoe akasuka mikeka ya ukindu, tukala kisamvu na makopa siku nyingi mfululizo. Wavuvi wa kutoka kwingine walijaribu kutandika pale pale mlangoni. Wanawake waliingia majini na vifuniko vya sufuria, wakavipiga, wakaimba nyimbo za kuwaaibisha hadi wakaondoka, na Mshamu akiwa nyuma yao anaimba vibaya kuliko wote. Mwishoni mwa mwaka mimi nikahamishiwa Mlandizi. Lakini Somoe alikuwa akija sokoni na mzigo wake, analala kwangu, na yeye ndiye aliyeniletea habari, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka: mashimo yamepungua, chaza wadogo wameonekana, Mwanahawa anauza kombe hadi Vikindu, wavuvi wa nje ya hori wanapata papa wa ukubwa wa zamani, na samaki wengine wamerudi mikokoni ambao watoto hawakuyajua majina yao. Sijui kama yote hayo ni kazi ya papa. Bahari ina sababu nyingi, na baadaye ilipata maadui wengine, baruti zikiwamo. Ninachojua ni kwamba kijiji kililiacha hori na kikala, na hadi leo miezi ya joto hakuna anayetandika pale, hata wale wasiojua kwa nini.

Siku moja mwaka ule, kabla sijaondoka Mikandaani, Somoe aliniambia nifunge kanga vizuri, twende. Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Alinipitisha kati ya mizizi ya mikoko mpaka mahali penye mchanga, maji yamefika magotini, safi, jua limesimama ndani yake. Tukangoja. Nikataka kuuliza, akanibana mkono. Wakaja. Watoto wa papa, wa urefu wa mkono, wanane au kumi, vichwa vile vya ajabu vikielekea huku na huku, vivuli vyao vikipita juu ya mchanga chini yao. Walituzunguka kana kwamba tulikuwa miti. Mmoja aligusa upindo wa kanga ya Somoe uliokuwa ukielea, akageuka taratibu, akarudi kwa wenzake. Mwanamke yule alikuwa amepasua, ametia chumvi na kuuza papa tangu utotoni, na hakuwahi kumwona mmoja akienda zake.

"Hawana haraka," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Tazama, mwalimu. Mimi nilidhani papa ni kiumbe cha haraka."

Tulikaa pale hadi maji yakatufika kiunoni na kanga zikalowa zote, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.